Barakoa za Surmila Mpuliza Filimbi

Surmila Maharjan alikuwa na kikohozi chenye tabia mbaya. Hakikuja usiku kama vikohozi vya watu wengine, wala hakikuja sokoni ambako hakuna anayejali. Kilikuja pale tu alipoweka filimbi mdomoni. Akiwa dukani Koteshwar anachanganya rangi, kimya. Akigombana na mumewe, kimya, pumzi tele, maneno yanamwagika kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Lakini Mwalimu Astanarayan akisema tu, "Haya, mstari mrefu," kifua kilikumbuka moshi wote wa wiki nzima na kutaka kuurudisha kwa wenyewe.

Moshi wenyewe alikuwa akiukusanya kwa baiskeli. Zamani familia ya mumewe iliishi Patan ya kale, katika bonde la Kathmandu, kwenye nyumba ya matofali ambayo ndugu waligawana mpaka kila mmoja akabaki na chumba kimoja na ngazi ya kugombania. Wao wakauza sehemu yao, wakajenga Imadol, upande wa pili wa Gwarko. Kwa hiyo kila asubuhi Surmila alikwea baiskeli yake ya bluu, akaingia Barabara ya Mzunguko, akajipenyeza kati ya malori ya mchanga na mabasi ambayo mabomba yake ya moshi yako sawasawa na uso wa mtu aliyekaa juu ya baiskeli. Ungedhani fundi alimpima mpanda baiskeli kwanza, ndipo akachomelea bomba. Jioni akipenga kamasi, aliitazama leso kwa jicho la kazi yake na kusema, "Leo ni kijivu cha saruji mbichi. Jana ilikuwa kahawia ya mlango wa shule."

Yote hayo angeyavumilia kama si filimbi.

Kwao, kijijini Khokana, baba yake alikuwa mpuliza filimbi, na Surmila alipokuwa mdogo aliruhusiwa kumletea maji na kuifuta filimbi kwa kitambaa. Kuipuliza, hapana, hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Basi aliifuta polepole kuliko chombo kingine chochote katika nyumba ile. Sasa ameshakuwa mke wa watu, mvi mbili tatu zimeshamtembelea kichwani, mtaa wa wakwe zake pale Patan ukaamua kuwafundisha wanawake. Walijifunza kwenye chumba kilichofungwa madirisha, kwa sababu nyimbo za Nasadya, mungu wa muziki, hazipigwi nje mpaka siku ya kutoka. Nyumbani ilikuwa marufuku kupuliza hata sauti moja. Surmila alifanya mazoezi ya vidole tu: juu ya usukani wa baiskeli, juu ya mti wa kusukumia chapati, na siku moja juu ya mkono wa mumewe aliyelala, akaamka akidhani anatambaliwa na kaa.

Siku ya kutoka ilikuwa karibu. Wanawake wangepuliza mbele ya Nasadya, kisha wangeizunguka Patan yote, ngoma za wanaume zikiwa nyuma yao. Nyuma, sikia vizuri. Mama yake kule Khokana alikuwa ameshatangaza njia nzima. Mashada ya maua yalishaagizwa, kitambaa cha kumfunga kichwani kilishanunuliwa, na wajomba walikuwa wakigombana nani aendeshe gari.

Basi Jumamosi moja Surmila akakohoa katikati ya mstari mrefu, kwa mara ya ngapi hata yeye hajui, na Mwalimu akaweka filimbi yake chini.

"Surmila, mwanangu, hicho kifua chako ni kifua au ni bomba la lori?"

"Mwalimu, lori lina afadhali," akadakia Prabina. "Lenyewe huwa linapelekwa kupimwa."

Wanawake wakacheka. Prabina alikuwa jirani wa mtaa ule, mwenye pikipiki ndogo ya kike na mapafu kama mivukuto ya mhunzi. Alikuwa rafiki wa Surmila, maana yake alimsema mbele yake badala ya nyuma yake.

"Nisikilizeni," Mwalimu akasema. "Jumamosi ijayo nachagua safu ya filimbi. Kila mmoja atapuliza mstari mrefu peke yake, kwa pumzi moja. Atakayekohoa katikati simfukuzi, mimi si mtu katili." Akamtazama Surmila kwa huruma, na hapo ndipo Surmila alipoogopa. "Nitampa matoazi."

Matoazi hayana kosa. Ngoma bila matoazi ni kama supu bila chumvi, na wapo wanaume wazima pale mtaani wameyagonga maisha yao yote na bado wanaheshimiwa. Lakini hakuna mama anayetoka Khokana na mashada ya maua kuja kumtazama binti yake akigonga visahani nyuma ya mgongo wa mpiga ngoma. Surmila alirudi nyumbani akijua jambo moja. Kazi hawezi kuibadilisha, barabara hawezi kuibadilisha, na moshi wa bonde zima la Kathmandu hauna mwenyewe wa kumpelekea malalamiko. Kilichobaki ni pua yake mwenyewe. Kesho yake akaenda Lagankhel kutafuta barakoa.

Muuzaji alikuwa ametandaza turubai pembeni mwa njia, barakoa zimepangwa kama samaki mnadani.

"Karibu dada, karibu. Unatafuta ya uso mrefu au wa mviringo?"

"Natafuta ya moshi."

"Moshi upi? Wa basi, wa tanuri la matofali, au wa jirani anayechoma takataka?"

"Wote."

"Aa! Basi wewe dada hutaki barakoa, unataka kuhama nchi." Akachutama, akaanza kazi. "Hii nyepesi, unaweza kuimba nayo. Hii ya kitambaa ina meno ya chui, vijana wanaipenda. Hii ngumu ndiyo yenyewe: waya wa puani, kidirisha cha kutolea pumzi, hata vumbi likija na barua ya mwenyekiti wa mtaa halipiti."

"Ni halisi?"

"Dada, si imeandikwa hapa? Halisi."

Surmila akauliza bei ya ile ngumu, na jibu likakaribia kumkohoza hata bila filimbi. Akachukua ile nyepesi.

Ile nyepesi ilifika mlima wa kwanza tu ikaonyesha rangi zake. Kila alipovuta pumzi, ilimfuata mdomoni kama mfuko wa nailoni unaotaka kumezwa. Kila alipotoa pumzi, ilijaa kama puto la sherehe. Alifika Koteshwar akionekana kama mtu aliyetafuna leso njia nzima. Alipoivua mbele ya kioo cha dukani akaona madoa mawili meusi, mviringo safi, pale tundu mbili za pua zilipokuwa. Barakoa haikuzuia moshi. Iliuonyesha njia tu.

Alirudi Lagankhel na hasira. Muuzaji hakubisha, alimwachia ile iliyochafuka, akakubali kumpa nyingine kwa bei ndogo, lakini zile ngumu zilikuwa zimekwisha siku ile, kwa hiyo akampa ya meno ya chui. "Kitambaa tabaka tatu, dada. Usitazame meno, tazama tabaka." Surmila akatazama tabaka. Watu wengine wote wakatazama meno. Mtoto aliyekuwa dirishani mwa basi la shule akalia mpaka Balkumari. Na dukani akaja mzee mmoja mwenye kofia safi, anataka rangi nyekundu ya mlango wa hekalu la ukoo wake. Akamwona Surmila akiinuka nyuma ya makopo, na chui anamchekea.

"Nitasubiri," mzee akasema.

"Nani, baba? Niko peke yangu."

"Nitasubiri uwe mtu. Rangi ya mlango wa mungu sichanganyiwi na mnyama."

Akaivua. Na kwa vile pale dukani watu waliingia mfululizo, akashinda nayo mfukoni, akavuta vumbi la rangi juu ya moshi wa asubuhi.

Katikati ya wiki, barakoa zile ngumu zikarudi Lagankhel, na Surmila akafumba macho akalipa. Hapo lazima tuseme haki: ile barakoa ilikuwa ya kweli. Ilishika uso kama mkono wa mkunga. Moshi wa lori ulipomjia alisikia harufu yake kwa mbali, kama habari za watu wa nchi nyingine. Akakanyaga pedali akifurahi, vidole vikicheza wimbo wa Nasadya juu ya usukani. Shida moja: Surmila anavaa miwani. Pumzi ya moto ilipanda kando ya pua, ikaingia nyuma ya vioo, na dunia ikageuka uji. Pale Gwarko, kwenye makutano ambako hata wenye macho mazima hupita kwa dua, alisikia kishindo, kisha akasikia mtu analia.

"We mama! Huoni?"

"Sioni!"

"Sasa unaendeshaje?"

"Kwa mazoea!"

Alikuwa amemgonga muuza mboga, naye akiwa juu ya baiskeli, kikapu mbele na kikapu nyuma. Koliflawa zilikuwa zimetawanyika barabarani kama vichwa vya maadui kwenye hadithi za wafalme. Basi moja likapita juu ya koliflawa iliyokuwa nzuri kuliko zote.

"Umeona? Umeona? Hiyo ilikuwa ya mteja wangu wa Jawalakhel!"

"Pole kaka. Nilikuwa nakinga mapafu."

"Mapafu yako yamekula mboga zangu!"

Surmila akanunua majeruhi wote. Nyumbani wakala koliflawa na wali, koliflawa na viazi, koliflawa ya achari, koliflawa ndani ya mchele wa kupondwa. Mama mkwe wake, Chirimaya, alitafuna kimya mpaka mlo wa tatu, ndipo akasema, "Moshi sijui. Lakini hiyo barakoa mboga inaleta."

Mumewe, Kajilal, akaona sasa ni zamu ya mwanamume kuokoa nyumba. Kajilal alikuwa akipuliza rangi za magari kwenye gereji moja Satdobato, na akaja na barakoa ya kazini: mpira mweusi, vikopo viwili mashavuni, mikanda minne nyuma ya kichwa.

"Vaa hii," akasema. "Na hii haipandishi pumzi machoni. Ukiwa nayo hata wakichoma matairi sebuleni utauliza chai iko wapi."

"Nafanana na nini?"

Kajilal alifikiri sana, kama mume mwenye busara. "Na nzi," akasema. "Lakini nzi mzuri."

Asubuhi yake kulikuwa na foleni ya mitungi ya gesi mbele ya duka moja njiani. Watu wamejipanga tangu alfajiri, kila mtu amekumbatia mtungi wake. Wakamwona mwanamke anakuja kwa kasi, uso mzima ni mpira na vikopo. Foleni nzima ikageuza shingo.

"Dada!" mmoja akaita. "Gesi imevuja?"

Surmila akataka kusema hapana, ni moshi tu, nina mtihani wa filimbi Jumamosi. Ndani ya mpira yale maneno yote yakawa, "Mmm! Mm-mmm!" akitikisa na mkono. Foleni ile ilikuwa imesimama tangu alfajiri bila kusogea hatua. Sasa ikasogea yote kwa pamoja, upande mwingine, na mitungi ikabaki imesimama peke yake barabarani. Askari wa barabarani, ambaye mwenyewe alikuwa amejifunga kitambaa puani, akamsimamisha.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "kama kuna jambo unalijua, tuambie wote. Sisi pia tuna watoto."

Alipofika kazini aliirudisha ile barakoa ndani ya mfuko, akakaa juu ya ndoo ya rangi, akakohoa. Bila filimbi. Hicho kilikuwa kitu kipya, na hakikumchekesha. Kesho kutwa ilikuwa Jumamosi. Alimpigia simu mama yake kumwambia labda asije na watu wengi. Mama akajibu kwamba wajomba wameshakubaliana, watakuja na magari mawili.

Jioni ya Ijumaa Chirimaya alimkuta amekaa jikoni, ameziweka barakoa zote mezani, anazitazama kama mtu anayechagua jeneza.

"Plastiki, plastiki, meno ya mnyama, na mdudu," mama mkwe akahesabu. "Mwanangu, nyinyi mnataka kumfungia moshi mlango. Moshi haufungiwi mlango. Unafukuzwa."

Chirimaya alikuwa na dawa ya kila kitu, na dawa zake zote zilitoka kabati moja. Ajwani, zile mbegu ndogo za kunukia, zikikaangwa, kwa kifua cha mtoto mchanga. Mafuta ya haradali na kitunguu saumu kwa mgongo. Na timuri, ile pilipili ndogo nyeusi ya milimani, kwa tumbo, jino, mafua, na majirani wenye macho mabaya. Alichukua pamba laini ya sari yake ya zamani, akashona barakoa kwa mkono, safi kabisa, na ukingo wa juu umekazwa kwa kipande cha bati ili pumzi isipande machoni. Mbele akatia mfuko mdogo, akaujaza, akaushona ukafungika.

"Umetia nini humo, Mama?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Ile ya meno ya chui uliuliza ina nini ndani? Hukuuliza. Vaa." Akamfunga kamba mwenyewe, akamnyoosha ukingo puani. Halafu akasema, akitazama kando, "Sisi enzi zetu hata kwenye mlango wa chumba cha filimbi hatukusimama. Nenda kapulize."

Sasa mtu akishaambiwa hivyo, atauliza tena kilichomo?

Jumamosi asubuhi Surmila alitoka Imadol na barakoa ya mama mkwe, na kabla hajafika Gwarko alitaka kuimba. Ajwani ilimpanda puani kama mgeni mwenye habari njema. Timuri ikafuata nyuma na kufungua milango yote iliyokuwa na kutu. Macho yakatoa machozi mawili ya shukrani. Akapita nyuma ya lori lililokuwa likitapika moshi mweusi tii, na kifua hakikusema neno. Akaukanyaga mlima wa kuingia Patan ya kale akihema kwa mdomo wazi, ile pamba ikalowa mvuke, ikamkaa midomoni, na alipofika juu alikuwa na pumzi ya kutosha kupuliza filimbi mbili.

Akaegesha baiskeli, akavua barakoa, akawasalimia wenzake.

Salamu ikatoka imevunjika miguu.

"Surmila!" Prabina akasema. "Pombe asubuhi yote hii?"

"Chijanywa!" Surmila akasema. Akajigusa mdomo. Kidole kilijua kimegusa kitu. Mdomo wenyewe haukuwa na habari. Aliuma mdomo wa chini kidogo, akauma zaidi. Ilikuwa kama kuuma ngozi ya kiatu cha mtu mwingine.

Mtu yeyote wa bonde lile anajua timuri. Kila mtu ameshaila kwenye achari, ikamwasha, ikamtia ganzi ulimi kidogo, akacheka, akaongeza. Ila hakuna aliyewahi kuifunga mdomoni ikiwa imelowa mvuke, akaivuta kutoka Imadol hadi Patan.

"Tuanze na Surmila," Mwalimu akasema, "ili moyo wake utulie. Na wetu pia."

Akasimama. Akaiweka filimbi pale alipokumbuka kwamba mdomo ulikuwapo jana. Filimbi ya mwanzi ni kitu chenye wivu. Inataka mdomo ukae mahali pake halisi, nywele moja huku au kule haikubali. Akavuta pumzi ndefu, nzuri, safi kuliko pumzi zote za mwaka ule. Akapuliza.

"Ffffffff."

Akasogeza filimbi. "Fffffff." Mate yakamdondoka kidevuni, naye hakuyasikia mpaka Prabina alipomwonyesha kwa ishara.

Mwalimu akatafuta neno la haki. "Hujakohoa," akasema. "Hilo lazima nikiri. Lakini pia hujapuliza."

Surmila akaona matoazi yamewekwa pale pembeni, yanang'aa. Akaona magari mawili ya wajomba. Akaanza kujieleza kwa kasi, na maneno yakamwagika bila mifupa, mpaka akachoka, akachukua barakoa na kumpa Mwalimu mkononi. "Nusha," akasema, akimaanisha anuse.

Mwalimu akanusa. "Timuri."

Surmila akaitikia kwa kichwa, akaonyesha midomo.

"Hapana," Mwalimu akasema. "Hapana, mwanangu. Timuri ya mfukoni haiwezi kuua mdomo wa mpuliza filimbi. Mimi nimeila tangu sijaota meno. Hofu ndiyo imekukausha mdomo. Hebu." Na mbele ya darasa zima akajifunga ile barakoa, akaanza kutembea huku na huku mikono mgongoni, akivuta pumzi ndefu kwa mdomo, kubwa, za kuwafundisha wajinga. Pamba ilikuwa bado imelowa. Akazunguka chumba, akasimama kwenye dirisha lililofungwa, akazunguka tena. Wanawake wakamfuata kwa macho kama watu wanaotazama sufuria ya maziwa.

Akaivua. "Nnaona? Hakuna kichu."

Mwalimu akachukua filimbi yake mwenyewe, iliyokuwa ya babu yake, akaiweka mdomoni kwa ile namna yake ya madaha, akafumba macho ili awaonyeshe mstari mrefu unavyopaswa kuwa.

"Fffffffffff."

Akafumbua jicho moja. Akasogeza filimbi. "Fffffff." Tone la mate likasafiri kwenye ndevu zake bila yeye kujua.

"Mwalimu," Prabina akasema kwa heshima zote, "nikuletee matoazi?"

Chumba kikaporomoka kwa kicheko. Wapo waliolala sakafuni. Yupo aliyelia. Surmila mwenyewe alicheka huku ameshika mdomo asiouhisi, na Mwalimu akasimama katikati yao akiwa amenuna kama sanamu, mpaka akajaribu kusema "Kimya!" ikatoka "Chinya!", na hapo naye akakaa chini, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Alipopata pumzi akatoa hukumu: wengine wapulize, maana masikio yake hayakuwa na ganzi, Surmila asubiri mdomo wake urudi. Chai ikaletwa, na chapati nene ziitwazo bara, za moto, zile za dengu nyeusi zenye yai juu. Ikabidi mwanamke mmoja amshikie Mwalimu kikombe, kwa maana angejiunguza bila taarifa. Prabina akapuliza, mstari mrefu ukatoka mnono, hauna hata mkunjo. Mwingine akapuliza, na mwingine. Surmila alikaa karibu na mlango akijibana mdomo wa chini. Kila filimbi iliyomaliza bila kosa ilimsogeza karibu na yale matoazi, na jambo baya ni kwamba kadiri mdomo ulivyorudi, ndivyo ile dawa ilivyokwisha nguvu kifuani. Alikisikia kikohozi kikiamka kule chini, kinajinyoosha, kinauliza ni saa ngapi.

"Haya," Mwalimu akasema. Maneno yake yalikuwa yamesimama tena. "Surmila."

Sasa mdomo ulijua ulipo. Akavuta pumzi, akaingia. Mstari mrefu unaanza chini, kwa unyonge, kama mtu anayebisha hodi. Halafu unapanda ngazi, unageuka, unapanda tena, na mahali pa juu kabisa, pale ambapo pumzi ya mtu wa kawaida imeshaomba ruhusa, unatakiwa kukaa. Surmila akakaa. Hapo juu mtekenyo ukamkamata koo. Macho yakajaa maji. Prabina, ambaye alikuwa amemchokoza tangu siku ya kwanza, alikuwa amekunja ngumi zote mbili na kuacha kupumua. Vidole vya Surmila vikashuka ngazi moja moja, sauti ikayumba, ikakaribia kukatika, haikukatika, ikafika chini, ikagusa sakafu. Akaondoa filimbi mdomoni.

Ndipo akakohoa. Kikohozi kimoja, kikubwa, kilichosubiri nje muda wote kwa adabu. Vumbi likaruka dirishani.

"Amekohoa!" mwanamke mmoja wa nyuma akasema.

"Amekohoa mwishoni!" Prabina akamgeukia. "Wewe una masikio au una hereni tu?"

"Kukohoa ni kukohoa."

"Basi na kucheka ni kucheka, na wewe ulicheka wimbo ukiendelea!"

Wakabishana mpaka Mwalimu akapiga sakafu kwa kiganja. "Nilisemaje mimi Jumamosi iliyopita? Nilisema katikati. Wimbo ulikuwa umekwisha. Baada ya wimbo mtu yuko huru kukohoa, kupiga chafya, hata kuolewa." Akamtazama Surmila. "Safu ya pili, upande wa ukutani. Pale juu uliyumba."

"Niliyumba, Mwalimu."

"Ukiyumba zaidi ya hapo siku yenyewe, nitakuhamisha. Kwa sasa umo, safu ya filimbi."

Surmila aliinama kumshukuru, akainuka, akatoka nje haraka kumpigia mama yake simu. Na kwa sababu Khokana nzima ilikuwa karibu na simu ile, ilibidi asimulie mara kadhaa, akikohoa katikati apendavyo.

Nyumbani Chirimaya alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, ameshika ungo wa dengu ambao hakuwa anaupepeta.

"Ehe?"

"Filimbi, Mama. Safu ya pili."

Chirimaya akaanza kupepeta. Alipepeta kwa bidii kidogo, uso ameuinamisha. Kisha akauliza kama mtu asiyejali, "Na barakoa?"

Surmila akaegemeza baiskeli ukutani. Njiani alikuwa ametunga majibu mengi, mengine marefu sana. "Moshi uliikimbia, Mama. Wote. Hata Mwalimu ameijaribu, naye anaomba umshonee yake." Akameza mate. "Ila amesema, ya wapuliza filimbi, usitie timuri."

Ungo ukasimama hewani.

"Bila timuri?"

"Ajwani tu. Na ile ya bati puani, hiyo wote wameisifu."

"Bila timuri," Chirimaya akasema taratibu, kama mtu aliyeambiwa apike wali bila mchele. "Huyo mwalimu wenu amesoma mpaka wapi?"

Lakini kesho yake asubuhi, Surmila alipokuwa akitoa baiskeli nje, alikuta barakoa mpya imening'inizwa kwenye usukani. Akaubonyeza mfuko wake, akaunusa, akaugusisha kwenye ncha ya ulimi, akasubiri, akajiuma mdomo kuhakikisha bado unauma. Ndipo akaivaa, akafunga kamba, akaingia barabarani nyuma ya basi la kwanza.